Zawadi ya tarehe 3 Desemba na swali ambalo halimo kwenye karatasi

Ndugu wasikilizaji wa Karavia, wa Katuba, wa Ruashi na wa Kampemba, na ninyi mliofika mjini kwetu kwa sababu ya vita, leo ninaandika juu ya jambo ambalo habari ya dakika 2 kwenye redio haiwezi kulibeba. Ni jambo la mpango na ripoti za kazi inayofanywa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Najua maneno hayo yanasikika kama mambo ya ofisini, ya watu wenye kompyuta na mihuri. Lakini karatasi hizo mbili ndizo zinazoamua kama jirani yako asiyetembea atafikiwa au atasahauliwa. Basi nivumilieni, nitaeleza polepole.

Kila mwaka tarehe 3 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1992. Hapa Lubumbashi siku hiyo ina sura yake: viti vya plastiki chini ya hema, muziki, fulana zenye maandishi, hotuba tatu au nne, kisha vitu vinatolewa. Kinga za magurudumu matatu, magongo, mifuko ya unga. Sisi wa redio tunapeleka kipaza sauti kwa anayetoa, kisha kwa anayepokea. Anayetoa anataja idadi. Anayepokea anasema asante, na ni asante ya kweli, kwa sababu kinga ile ataitumia.

Kitu ambacho sijakisikia chini ya hema lolote ni mtu kusimama na karatasi ya mwaka jana mkononi na kusema: "Tuliahidi haya, tumefanya haya, haya yametushinda, na sababu ni hii." Bila maneno ya namna hiyo, kinachotolewa kinabaki zawadi. Zawadi ni nzuri, lakini isipokuja huwezi kuidai. Haki unaweza kuidai, na unaidai kwa karatasi iliyoandikwa nani atafanya nini, lini, na kwa pesa gani.

Niwape mfano wa hapa hapa. Mama mmoja anakaa kwa shemeji yake Karavia, kwenye lupango la nyuma, mbali na ile hoteli kubwa ya kando ya ziwa ambayo watu wakisikia jina Karavia ndiyo wanayoikumbuka. Alikimbia Bukavu mwaka 2025, katikati ya Februari, siku zile mji uliponyakuliwa baada ya Goma. Alishuka hadi Uvira, akapata boti ya kwenda Kalemie, kisha barabara mpaka huku. Ana watoto 4. Mkubwa ana miaka 11 na hajatembea tangu kuzaliwa. Kiti chake cha magurudumu kilibaki ufukweni, maana nafasi ya kiti kwenye boti ilikuwa nafasi ya mtu mwingine. Mama alimbeba mgongoni.

Baada ya wiki kadhaa walipita watu wa kuandika majina ya waliokimbia vita. Nilimwuliza walimwandikaje.

"Baliniuliza jina, kwenye nilitoka, na tuko bangapi. Nikasema tuko batano. Bakaandika tano, bakaenda."

"Hawakuuliza kama kuna asiyetembea?"

"Hapana, papa. Ile swali haikukuwa ku karatasi."

Sentensi hiyo ya mwisho imenikaa kichwani kuliko hotuba nyingi nilizorekodi. Kijana aliyeshika kalamu alifanya kazi yake. Alijaza nafasi alizokuta. Lakini kwa sababu swali halikuwepo, mtoto yule aliingia kwenye hesabu kama watu wengine wote. Siku ya ugawaji, mama alitakiwa kupanga mstari kuanzia asubuhi, na mtoto akabaki amelala kwenye mkeka mpaka saa kumi, bila mtu wa kumgeuza. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Hakuwa kwenye mpango, na mtu asiyekuwa kwenye mpango hawezi kuonekana kwenye ripoti.

Msidhani kwamba sheria hakuna. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inasema mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa hatua za pekee, na serikali ina wajibu wa kuwawezesha wenye ulemavu kuwemo katika taasisi za taifa, za majimbo na za mitaa. Tarehe 30 Septemba 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2019, chini ya wizara ya Mambo ya Jamii, Irène Esambo aliteuliwa kuwa waziri anayeshughulikia watu wanaoishi na ulemavu na wanyonge wengine. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Tuko na katiba, mkataba, waziri na sheria. Nchi nyingi zilianza na pungufu ya hapo.

Ule mkataba una vifungu ambavyo ningependa kila mkubwa wa kartie avijue. Kifungu cha 11 kinataka serikali iwalinde watu wenye ulemavu wakati wa vita na wa maafa. Hapo anaingia mtoto wa Karavia moja kwa moja. Kifungu cha 31 kinataka serikali ikusanye takwimu. Kifungu cha 33 kinasema lazima kuwe na ofisi inayobeba kazi hii ndani ya serikali, na pembeni yake kuwe na chombo huru cha kuichunguza, na watu wenye ulemavu wenyewe washiriki katika uchunguzi huo. Kifungu cha 35 kinadai nchi itoe ripoti ya kwanza ndani ya miaka 2 tangu mkataba uanze kutumika kwake, kisha angalau kila miaka 4. Mtaona mkataba umefuata njia ya akili: hesabu kwanza, mwenye kazi, mwenye kuchunguza, halafu ripoti.

Tatizo letu linaanzia kwenye hesabu. Mara ya mwisho Kongo kuhesabu watu wake wote ilikuwa mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa bibi au babu. Tangu hapo tunaenda kwa makadirio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 16 ya watu wa dunia wana ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 katika kila watu 6. Ukichukua lupango la watu 12, tarajia 2. Labda ni nyanya asiyeona vizuri na kijana aliyeumia kazini mgodini. Lakini makadirio ya dunia hayatuambii ni wangapi wako Karavia, ni wangapi wako Annexe, nani anahitaji gongo na nani anahitaji mwalimu wa lugha ya ishara.

Na hata ukihesabu, jibu linategemea ulivyouliza. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na zaidi. Nchi hizi mbili zinapakana, watu wake wanafanana maisha. Pengo kubwa namna hiyo halitokani na miguu ya watu. Linaanzia kwenye swali na kwenye kiwango cha ugumu ambacho kila nchi iliamua kukihesabu.

Ndiyo maana kuna kundi la wataalamu wa takwimu, linaitwa Kundi la Washington, lililoanzishwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, ambalo liliandika maswali 6 mafupi. Ninayaweka hapa kwa maneno yetu. Je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani? Unapata shida kusikia, hata ukitumia kifaa cha kusikilizia? Unapata shida kutembea au kupanda ngazi? Unapata shida kukumbuka au kutuliza akili? Unapata shida kujitunza, kama kuoga au kuvaa? Unapata shida kuelewana na wengine kwa lugha yako ya kila siku? Kila swali lina majibu 4: hapana, shida kidogo, shida sana, siwezi kabisa. Kwa watoto, UNICEF na kundi hilo walitengeneza maswali yao ya pekee.

Angalieni jambo moja: neno "ulemavu" halimo. Walifanya hivyo kwa makusudi. Ukimwuliza mzazi, "Kuna kilema hapa?", atasema hakuna, kwa aibu, au kwa sababu kwake huyo ni mtoto wake na jina hilo hampi. Ukimwuliza kama mtoto anapata shida kutembea, atakujibu. Maswali 6 hayachukui hata dakika 5. Yangetosha kumwonyesha mtoto yule kwenye orodha.

Tukishajua idadi, ndipo mpango unaanza. Huko Australia kuna tume ya serikali inayosimamia watoaji wa huduma kwa watu wenye ulemavu. Ilianza kazi Julai 2018. Inaandikisha watoa huduma, inapokea malalamiko, inaweza kumwadhibu anayetesa watu. Mimi lakini kinachonivutia ni utaratibu ambao sheria imeiwekea, kama ilivyoweka kwa ofisi nyingine za serikali kuu ya huko. Kila mwaka, kabla Agosti haijaisha, tume lazima itangaze mpango wake unaotazama angalau miaka 4 mbele, na ndani yake iandike kipimo: tutajuaje kwamba tumefaulu? Mwaka ukiisha, inatoa ripoti inayokwenda mpaka bungeni, na ripoti lazima ijibu vipimo vile vile vilivyoandikwa kwenye mpango. Hairuhusiwi kuahidi shule halafu ukaripoti fulana.

Australia si mbinguni. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa uliofanyika kati ya mwaka 2019 na 2023 ulisikiliza visa vingi vya watu wenye ulemavu kupigwa, kutelekezwa na kunyonywa, na ukatoa mapendekezo 222. Kwa hiyo karatasi peke yake haimlindi mtu. Lakini waliolalamika walikuwa na kitu cha kushika mkononi: mlisema mtafanya hivi, mbona hivi?

Karibu na kwetu, Kenya ina Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililozaliwa na sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2025 sheria hiyo ilibadilishwa na mpya. Baraza linaandikisha watu na mashirika, linatoa kadi, na hesabu zake zinakaguliwa na mkaguzi mkuu wa serikali, kisha ripoti inakwenda bungeni na mwananchi anaweza kuisoma. Wakenya wenye ulemavu wanalalamika sana juu ya huduma, na wana haki. Ila wanalalamika wakiwa na namba.

Sasa turudi kwetu tuone tofauti ya kuhesabu vitu na kuhesabu mabadiliko. Papa mmoja wa Katuba, mshona viatu, alipewa kinga ya magurudumu matatu. Baada ya miezi 7 mpira wa nyuma ulichanika. Saizi ile haipatikani sokoni, fundi alijaribu kufunga mpira wa kinga ya kawaida, ikashindikana. Leo kinga imeegemea ukutani na kuku wanalala juu yake. Kwa wale walioitoa, kazi imekwisha: imeandikwa kinga 1, imetolewa. Kipimo kingekuwa "papa huyu anafika kazini mwenyewe baada ya mwaka 1", mtu angelazimika kurudi kumtazama, na mwaka uliofuata mpango ungenunua mipira ya akiba kabla ya kununua kinga nyingine. Ripoti nzuri inasaidia hivyo. Inamfundisha mwenye kupanga.

Nimewahi kumweleza haya mtumishi mmoja wa serikali. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia: "Ndugu mwandishi, utapanga nini na pesa hakuna?" Ni jibu la kweli kwa sehemu. Mshahara wenyewe unachelewa, na vita vya mashariki vinameza pesa nyingi. Lakini mama wa nyumbani mwenye franka chache ndiye anayepanga zaidi: unga kwanza, makala, kisha sabuni. Mwenye nyingi anaweza kununua ovyo. Na ripoti inayosema "tulipanga watu 100, tumefikia 30 kwa sababu pesa ilifika Novemba" haimwaibishi aliyeandika. Inampa mbunge wa jimbo sababu ya kuuliza pesa ilikwama wapi. Na sheria ya pesa za serikali ya tarehe 13 Julai 2011 inataka bajeti zitungwe kwa malengo na matokeo, kwa hiyo hatuombi jambo la kigeni.

Tena sisi wa Haut-Katanga hatuwezi kusema kuandika ahadi ni mambo ya Wazungu. Tangu sheria ya madini ya mwaka 2018, kampuni ya mgodi lazima isaini na wakaaji makubaliano ya kazi za kijamii, ile kaye de sharje, yenye kazi na tarehe zake. Kampuni inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Katika kodi ya madini inayoitwa redevansi, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya eneo ambalo mgodi upo. Vijijini watu wamejifunza kushika kaye ile na kuuliza: kisima cha ukurasa wa pili kiko wapi? Basi tuulize pia: katika shule na vituo vya afya vinavyojengwa kwa pesa hiyo, ni milango mingapi inapitisha kiti cha magurudumu? Nani amekagua kabla ya kukata utepe? Ngazi ikishajengwa kwa saruji, kuivunja ni gharama kuliko kuipanga vizuri siku ya kwanza.

Kwa hiyo mimi ninapendekeza maswali 4 ya kuuliza kila mahali: kwa divisheni ya Mambo ya Jamii, kwa komini, kwa mashirika, hata kwa makanisa yanayogawa misaada. Mmepanga kufikia watu wangapi, na mmewajuaje? Itakuwa imefanyika tarehe gani? Pesa ni kiasi gani na inatoka wapi? Nani mwingine, asiye mtoaji, atakwenda kuhakikisha? Waulizeni kwa adabu, na andikeni majibu na tarehe. Anayejibu "tutaona" naye ameshajibu. Andikeni hivyo hivyo.

Kwa ninyi mliokimbia vita, nina neno la pekee. Anapokuja mtu wa kuandika majina, msimngoje aulize. Mwambieni: katika sisi watano, mmoja hatembei, au mmoja hasikii, au nyanya haoni usiku. Mwombeni aandike hata pembeni ya karatasi, na mwombeni namba ya orodha. Kama mna karatasi ya hospitali ya Goma, ya Bukavu, ya Pweto, au ya popote mlipotoka, itunzeni pamoja na kadi ya mpiga kura. Kama ilipotea, kituo cha afya cha hapa kinaweza kuandika upya hali ya mgonjwa. Mkinyimwa huduma, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 21 Machi 2013, ina kazi ya kupokea malalamiko.

Na kwa wakubwa wa kartie: mna daftari la wakaaji. Ongezeni maswali yale 6. Hayahitaji bajeti ya Kinshasa. Yanahitaji kalamu, rula ya kuchora mistari 6 zaidi, na uvumilivu wa kuingia lupango kwa lupango. Karavia ikiwa na orodha yake, hatutangoja mtu wa mbali aje kutukadiria. Tutakwenda kwake na majina, na kila jina litakuwa na haja yake iliyoandikwa mbele yake: kiti, gongo, miwani, mwalimu, mtu wa kubaki na mtoto wakati mama yuko kwenye mstari.

Mama yule ameniambia niseme jambo moja kwa niaba yake. Mtoto wake anajua kusoma. Alikuwa darasa la nne Bukavu, na tangu wafike hajaingia darasani. Shule ya karibu iko mwendo wa dakika 20 kwa miguu ya mtu mzima, naye mama mgongo unamwuma sasa. Kwa hiyo kwenye mstari wake, mbele ya jina la mtoto, tuandike vitu viwili: kiti, na shule.